Droni ya kwanza yenye kamera: ninunue ipi, na nijifunzeje kuirusha bila kuivunja?

Kishada

Wakuu, habari za wakati huu. Kwa miaka kadhaa napiga picha za mnato kwa kamera ya kawaida, na kuna picha moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani: mto unaojikunja kunjo baada ya kunjo, uonekane wote kwa pamoja kutoka juu. Nimesimama ukingoni, nimepanda kilima cha jirani, nimepanda hadi mti. Haipatikani. Nimeamua kununua droni.

Sasa hii ni wiki ya tatu nasoma maelezo ya droni na kila siku nazidi kuchanganyikiwa. Hii imeandikwa 4K, ile nayo 4K, lakini tofauti ya bei kati yao ni mbingu na ardhi. Jamaa yangu mmoja anasema nianze na ya kuchezea watoto, nikishaivunja ndipo ninunue ya maana. Mwingine anasema nijikaze ninunue kubwa moja kwa moja nisije nikanunua mara mbili. Rimoti ya droni sijawahi kuishika maishani mwangu. Wenye uzoefu naomba mnishike mkono: ninunue ya aina gani, na nikishaipata naanzia wapi? Natanguliza shukrani.

Panga Nne

Karibu mkuu. Hilo neno 4K, yaani ukubwa wa picha ya video, liweke pembeni kwanza, maana linaandikwa hata kwenye boksi la kitu ambacho kamera yake haifikii huko. Picha ndogo inavutwa na programu mpaka ifike ukubwa huo. Wewe uliza mambo mawili tu: ina GPS? Na kamera yake imebebwa na gimbali ya mihimili mitatu?

GPS ndiyo inayoifanya droni isimame. Ukiachia vijiti vya rimoti, droni yenye GPS inabaki palepale hewani, ikisukumwa na upepo inajirudisha yenyewe. Isiyo nayo, ukiachia vijiti inaondoka na upepo kama karatasi. Kwa mtu anayejifunza hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwa na muda wa kufikiri na kutokuwa nao. Na ni hiyo hiyo GPS inayoifanya ikumbuke ilikopaa, ili iweze kurudi ikipoteza mawasiliano.

Gimbali ni kile kishikio cha kamera chenye vimota vidogo vitatu. Droni haiwezi kwenda mbele bila kuinama, wala kwenda kando bila kulalia upande, kwa hiyo mwili wake hautulii hata sekunde moja. Gimbali inaigeuza kamera kinyume cha kila mtikisiko, na upeo wa macho unabaki umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Droni nyingi za bei ndogo zina kamera iliyogandishwa mwilini, halafu programu inajaribu kutuliza picha kwa kukata kingo zake. Wewe ni mpiga picha, utaona tofauti siku ya kwanza.

Ukipata vyote viwili ndani ya gramu 250, umepata droni ya kuanzia. Mini 4K ya kampuni ya DJI iko hapo. Mini 3 iko hapo pia, na sensa ya kamera yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo alfajiri na jioni inakupa picha safi kuliko hiyo nyingine. Potensic Atom nayo ina gimbali ya mihimili mitatu, ila angalia usichanganye na Atom SE, ambayo inatuliza picha kwa programu. Majina yanafanana, vitu ni viwili tofauti.

Jambo la mwisho, na hapa ndipo wengi wanapokosea: usimalize hela zote kwenye droni. Bora droni ya daraja la chini yenye betri tatu kuliko ya daraja la juu yenye betri moja. Betri moja ni nusu saa kwenye karatasi, dakika 20 hadi 25 kwa uhalisia, halafu unakaa saa nzima na zaidi kusubiri chaji. Huwezi kujifunza kitu chochote duniani kwa dakika 20 kwa siku.

Mbayuwayu

Naomba nitofautiane kidogo na mkuu hapo juu. Mimi nilianza na Tello, kile kidroni cha gramu 80. Hakina GPS, video yake ni ya ukubwa mdogo, 720p, betri dakika 13. Lakini nilikirusha ndani ya nyumba kila jioni, kikagonga ukuta, kikagonga pazia, nikakiokota nikaendelea. Nilipokuja kushika Mini vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea. Mtu akianza na kitu ghali anarusha kwa hofu, na mwenye hofu hajifunzi.

Panga Nne

Sikatai Mbayuwayu, na kwa mtoto au mtu asiye na haraka ningemshauri vivyo hivyo. Nimeongea hivyo kwa sababu Kishada ana picha anayoitaka. Tello haitampeleka mtoni, upepo mdogo tu utaichukua. Ila wazo la kuzoesha vidole kwanza ni la kweli kabisa. Kama una kompyuta, simuleta, yaani programu ya kurusha droni ya kuigiza, inafanya kazi hiyo, na hata zile za droni za mashindano zinafaa kuzoea vijiti.

Dada Rubi

Samahani kuingilia uzi. Mimi bajeti yangu inaruhusu ya mtumba tu. Nikague nini nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia?

Fundi Solda

Dada Rubi swali zuri, mimi ninazitengeneza kwa hiyo nikuambie ninavyozikagua mezani.

Kabla hujaigusa, mwambie muuzaji aitoe kwenye akaunti yake mbele yako. Droni za DJI zinaunganishwa na akaunti ya mwenye nazo, asipoitoa huko unaweza kujikuta na kitu usichoweza kukitumia ipasavyo. Anayesema "nitaitoa baadaye" mwache na droni yake.

Kisha izime, shika kila propela uzungushe mota kwa kidole, taratibu. Mota nzima inazunguka laini, unahisi tu vishindo vidogo vya sumaku vinavyolingana. Ukisikia mkwaruzo kama punje ya mchanga kwenye meno, kuna mchanga kweli. Vuta mota juu kidogo, isichezecheze. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila panga. Palipobanduka utapahisi hata kama jicho halikuona. Propela si tatizo, zinabadilishwa kirahisi, lakini zinakusimulia droni imepita wapi.

Angalia mikono inapokunjika. Ufa mwembamba kama unywele pale kwenye bawaba ndio unaofungua mkono hewani.

Halafu iwashe. Kamera inatakiwa ijinyooshe yenyewe, itulie, isitetemeke wala kulalia upande. Iinue mkononi uiyumbishe. Kamera ibaki palepale kama kichwa cha kuku. Ingia kwenye programu usome betri imechajiwa mara ngapi. Na betri yenyewe ilaze kwenye kioo au meza iliyonyooka: ikibembea, imevimba. Betri iliyovimba hairushwi hata mara moja, haichajiwi, haikai ndani ya nyumba.

Dada Rubi

Asante sana fundi. Kulikuwa na moja nilikuwa nimeshaikubali, muuzaji alisema ya akaunti tutamaliza kwa simu. Nimeiacha.

Kishada

Wakuu nimerudi. Nimechukua Mini 4K, betri tatu. Iko mezani mbele yangu, nimeifungua mikono na kuikunja mara kumi na sijathubutu kuipaisha. Naanzaje?

Panga Nne

Hongera mkuu. Hiyo hofu ni heshima, itunze kiasi.

Leo usirushe. Chaji betri zote, chaji rimoti, sasisha programu ya droni, na weka memori kadi yenye alama ya kasi ya V30 au U3. Iumbize (format) kadi hiyo ndani ya droni yenyewe, si kwenye kompyuta. Haya yanafanywa nyumbani penye intaneti, si uwanjani jua likikuchoma.

Kesho tafuta uwanja mpana, nyasi fupi, hakuna watu, hakuna waya, miti iwe mbali. Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Toa kifuniko cha gimbali kabla ya kuwasha, hilo wengi wanalisahau na vimota vya gimbali vinaumia. Iweke droni juu ya kitu kilichonyooka, mgongo wake ukielekea kwako. Washa, kisha usubiri. Usipae mpaka programu ikuambie imepata setilaiti za kutosha na kituo cha nyumbani kimewekwa. Ukipaa kabla, droni haijui nyumbani ni wapi. Nasisitiza kwa sababu ni kosa la sekunde 30 ambalo linakula droni nzima.

Rimoti yako ikitoka kiwandani, kijiti cha kushoto ni kupanda na kushuka ukikisukuma mbele na nyuma, na kuzungusha pua ukikipeleka kando. Cha kulia ni mbele, nyuma, kushoto, kulia. Washa, panda hadi mita 3 hivi, achia vijiti. Itazame tu. Isikilize. Dakika mbili nzima usifanye kitu. Unatakiwa uamini kwa macho yako kwamba ukiachia inasimama, kwa sababu siku utakapobabaika, kuachia vijiti ndiyo dawa ya kwanza, na mwili hautaifanya kama hauiamini.

Baada ya hapo chora mraba hewani, pua ikiangalia mbele muda wote. Mbele, kulia, nyuma, kushoto. Rahisi. Betri yote ya kwanza iwe hiyo, pamoja na kupaa na kutua mara nyingi kadiri unavyoweza.

Kazi halisi inaanza betri ya pili. Igeuze droni pua ikutazame wewe. Sasa kushoto kwake ni kulia kwako. Ukisukuma kijiti kulia, inakwenda kushoto kwako. Kichwani utaelewa mara moja, vidole havitaelewa kwa siku kadhaa. Hapa ndipo droni nyingi zinapovunjika: inarudi kwa mwenyewe, inaelekea kwenye mti, mtu anaivuta upande anaouona yeye, na anaisukumia kwenye mti ule ule. Fanya mraba pua ikikutazama, ukiwa na nafasi kubwa pande zote. Kisha pua ikiangalia kushoto. Kisha kulia. Ukiweza hayo bila kufikiri, chora duara huku pua ikifuata njia, halafu namba nane. Namba nane ikikunyookea, umeiva.

Na naomba sana: betri kumi za kwanza usirekodi chochote. Ukianza kutafuta picha, macho yanaingia kwenye skrini na hayatoki. Betri kumi macho yawe kwenye droni.

Mbayuwayu

Naongezea hapo kwenye vidole. Usisukume kijiti kwa kidole gumba peke yake, kibane kwa gumba na cha shahada pamoja, kwenye ncha. Mwendo unakuwa laini mara moja. Na washa mtindo wa Cine, ule wa polepole, kwa siku za mwanzo. Ule wa Sport, wa kasi, usiuguse bado.

Mzururaji

Naomba kuuliza kuhusu kile kitufe cha RTH cha kuirudisha nyumbani. Mimi nilikibonyeza mara moja, droni ikaenda moja kwa moja kwenye matawi ya mti. Sasa faida yake nini?

Panga Nne

Pole sana mkuu. Ilikuwa inatii ulichoiambia bila wewe kujua. RTH ina kimo chake ambacho wewe unakiweka kwenye programu. Ukibonyeza, kama droni iko chini ya kimo hicho inapanda kwanza hadi hapo, kisha inanyoosha mstari hadi ilikopaa, kisha inashuka. Droni kama Mini 4K haina macho mbele, ina sensa za kutazama chini tu. Kwa hiyo chochote kilichosimama juu kuliko kimo ulichoweka na kiko kwenye mstari huo, itakigonga. Ukifika sehemu yoyote, kabla ya kupaa, tafuta mti au jengo refu kuliko yote unayoyaona, kisia urefu wake, ongeza mita 20, andika hiyo namba kwenye programu. Kila sehemu mpya, namba mpya.

Jambo la pili: ikiwa karibu nawe sana, kama ndani ya mita 20, droni nyingi za aina hii hazipandi kwanza, zinarudi kwa kimo zilichopo. Nadhani hilo ndilo lililokukuta. Karibu namna hiyo irudishe mwenyewe kwa vijiti.

Mimi mwenyewe ya kwanza niliipoteza kwa kurudi kinyumenyume. Nilikuwa narekodi nyumba ya mzee mmoja, droni inarudi nyuma polepole huku nyumba inazidi kuwa ndogo kwenye skrini. Picha nzuri kweli. Nilisikia sauti kabla sijaona: mlio wa panga ukabadilika ghafla, kama mtu anapiga kadi kwenye spoku za baiskeli, halafu kimya. Tawi moja kavu, jembamba kuliko kidole changu, lililochomoza nje ya mti. Tangu siku hiyo, kabla ya kurudi nyuma naigeuza kamera kwanza itazame ninakokwenda, naisafisha njia kwa macho, ndipo nageuka na kurudi.

Mzururaji

Nimeelewa. Nilikuwa umbali kama wa kurusha jiwe. Asante mkuu, kwa kweli nilikuwa nimeamua kuiuza.

Kishada

Wakuu, ripoti ya wiki ya tatu. Nimefanya mraba, nimefanya duara, namba nane bado inayumba upande mmoja. Lakini jana nimepata somo ambalo limeninyima usingizi na nataka kulieleza vizuri ili mwingine asipite huko.

Nilikwenda mtoni. Chini palikuwa shwari, nyasi hata hazichezi. Nikapaa hadi mita 70, nikaipeleka kufuata mto. Ilikuwa inakwenda vizuri ajabu, haraka kuliko siku zote, nikafurahi. Umbali wa mita 400 na kitu betri ikasoma 39, nikaona inatosha, nikaigeuza. Nikasukuma kijiti mpaka mwisho. Kwenye skrini kasi ikasoma mita 2 kwa sekunde. Nikadhani programu imeganda. Nikatazama picha: mti mmoja chini ulikuwa unasogea kama unavutwa kwa kamba na mtu aliyechoka. Droni imeinama kabisa, inavuma, na haiji.

Nikapiga hesabu: mita 400 kwa mita 2, ni sekunde 200. Dakika tatu na zaidi, na betri ilikuwa inashuka huku naitazama. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikakumbuka upepo wa chini ulikuwa haupo, nikaishusha. Mita 50, kasi 3. Mita 30, kasi ikafika 6. Kengele ya betri ilianza kulia ikiwa bado ng'ambo ya mto. Imetua miguuni kwangu ikiwa na asilimia 19. Niliketi chini kwenye nyasi muda mrefu.

Panga Nne

Mkuu umefanya jambo sahihi pale ambapo wengi wanapotea. Kuishusha ndiyo iliyoiokoa. Upepo wa juu karibu kila mara ni mkali kuliko wa chini, maana miti, nyumba na vilima vinaukwaza ule wa chini. Nyasi kutulia hakukuambii chochote kuhusu mita 70.

Piga hesabu uone. Droni yako kwa mtindo wa kawaida inakwenda mita 10 kwa sekunde. Upepo wa mita 8 ukiwa mgongoni unaifanya ionekane hodari, ndiyo ile furaha yako ya mwanzo. Igeuze, na inabakiwa na mita 2. Ingekuwa upepo wa mita 10 ungeitazama imesimama palepale mpaka betri iishe.

Na angalia hili, ndilo linalowapoteza watu: kama ungebonyeza RTH, isingeshuka. Droni ikiwa juu ya kimo cha RTH inarudi kwa kimo kile kile ilichopo. Ingebaki kwenye mita 70 inapigana na ule upepo. Kitufe hakijui kwamba chini kumetulia, wewe ndiye unayejua.

Kwa hiyo siku nyingine, ukishapaa juu, isimamishe nusu dakika utazame. Ikiwa inaelea huku imeinama upande mmoja, upepo unatokea upande huo inakoinamia. Anza safari kwa kuelekea huko, kinyume cha upepo. Betri ikiwa imejaa unapigana nao, betri ikiwa imepungua upepo ndio unaokurudisha nyumbani. Ukinaswa, shuka kwanza, kisha washa Sport: inafika mita 16 kwa sekunde, betri inaliwa haraka lakini unakuja. Na usiipeleke mbali kiasi cha kutoiona kwa macho. Sheria za nchi nyingi zinataka hivyo hivyo, na hii ndiyo sababu yake mojawapo.

Geuza kwenye asilimia 50, si 39. Tua ukiwa na 25 au 30.

Mbayuwayu

Na juu ya maji usiishushe chini sana. Sensa za chini zinasoma sakafu kwa picha, maji yanayong'aa na kutembea yanazichanganya. Nimeona moja ikijishusha yenyewe mpaka ikaguswa na wimbi.

Fundi Solda

Kwa kuwa mmefika kwenye betri, niseme langu. Karibu kila betri ya droni inayokuja mezani kwangu ikiwa imekufa mapema imeuawa kabatini, si hewani. Seli moja ya lithiamu ikijaa inafika volti 4.2 au zaidi kidogo. Ikikaa imejaa hivyo wiki baada ya wiki inachakaa kwa ndani na kuvimba. Ikikaa tupu ndiyo mbaya zaidi, inashuka mpaka haipokei tena chaji. Ya kuhifadhi iache katikati, nusu au zaidi kidogo. Chaji kujaza usiku wa kuamkia safari tu.

Ikitoka hewani ni ya moto. Iache ipoe kabisa kabla ya kuichaji. Usiiache ndani ya gari juani. Ukisafiri kwa ndege, betri zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, hazipelekwi kwenye mzigo wa chini.

Na propela: zinazozunguka kulia ni mbili, kushoto mbili, kila jozi inakaa mshazari. Kwenye Mini jozi moja ya propela ina alama, inakaa kwenye mikono yenye alama. Zikiwekwa kinyume, droni inapinduka palepale chini ukiwasha. Watu wameniletea wakidhani mota imekufa, kumbe panga mbili zimebadilishana.

Dada Rubi

Na sheria je? Mimi nimepata yangu, fundi umenisaidia. Naambiwa chini ya gramu 250 ni huru kila mahali.

Panga Nne

Hapana dada yangu, si kila mahali. Marekani anayerusha kwa kujifurahisha hasajili droni iliyo chini ya gramu 250. Umoja wa Ulaya ikiwa na kamera na si ya kuchezea watoto, mwenye nayo anatakiwa ajisajili hata ikiwa nyepesi. Kimo cha juu kote huko ni kama mita 120 kutoka ardhini. Kuna nchi huwezi hata kuivusha mpakani bila kibali. Kabla ya kununua na kabla ya kusafiri nayo, soma tovuti ya mamlaka ya anga ya nchi husika, usichukue maneno ya mtu kwenye uzi, hata mimi. Viwanja vya ndege, kambi za jeshi, na juu ya umati wa watu, kaa mbali popote ulipo.

Na ua wa mtu ni ua wake hata ukiutazama kutoka juu. Mimi nabisha hodi kwanza, naeleza, naonyesha skrini. Wengi wanakubali na wanataka kuona nyumba yao.

Kishada

Wakuu, mwezi wa pili sasa. Namba nane imenyooka pande zote. Naomba msaada wa upande wa picha: mbona video zangu zinaonekana kama zinarukaruka, hata nikienda taratibu? Picha za mnato ni nzuri.

Mbayuwayu

Kasi ya shata mkuu, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga. Mchana wa jua kamera inajiwekea 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, kila fremu inakuwa kali kama kisu, na jicho linaona mrukoruko. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata iwe kama 1/50. Fremu 30, iwe 1/60. Mwanga utazidi, ndipo unapohitaji filta za ND, ile miwani ya jua ya lenzi. Hakikisha ni za modeli yako, nzito zinaisumbua gimbali. Na mwendo uwe mmoja tu kwa wakati: ama unakwenda mbele, ama unapanda, ama unazungusha. Ukichanganya mitatu mtazamaji anapata kizunguzungu. Hesabu mpaka kumi kabla hujagusa kijiti kingine.

Kishada

Nimepata ule mto.

Leo, jua lilipokuwa limechomoza robo saa hivi. Nilipaa, nikaisimamisha kwenye mita 40, ikainama kidogo upande wa mashariki, kwa hiyo nikaanza kwenda mashariki kama mlivyonifundisha. Kimo cha RTH niliweka mita 55, kuna mkuyu mrefu pale. Nikapanda hadi mita 90, nikaigeuza kamera itazame chini kabisa, nikatoa macho kwenye skrini, nikaitazama droni yenyewe mpaka nikaridhika imetulia, ndipo nikarudi kwenye skrini.

Kunjo zote tano zilikuwa mle. Mwanga ulikuwa unalala juu ya maji upande mmoja tu, kunjo moja inang'aa, inayofuata giza, inayofuata inang'aa. Ukingoni kulikuwa na kitu kirefu cheusi nikadhani ni gogo. Nilipoikuza picha nyumbani nimegundua ni kivuli changu mwenyewe, nimesimama na rimoti, kimenyooka mpaka majini. Sitakikata.

Betri niliigeuza kwenye 52, imetua na 31. Panga moja ya nyuma ina mbanduko mdogo ambao ukucha umeuona, kesho nabadilisha mbili za mkono ule. Fundi, skrubu zake nikaze kiasi gani?

Fundi Solda

Hongera sana kaka. Tumia bisibisi iliyokuja nayo, kaza mpaka ikatae, halafu usiongeze nguvu. Ikikazwa kupita hapo ule uzi wa skrubu unakatika ndani ya mota, na hapo utaniletea. Zile za zamani zitupe, usiziweke akiba.